Mackrine na Mtoto wa Mabira

Melkiory alikuwa askari wa Zimamoto, na mauti yalimkuta kazini. Huko Kibingo mchimbaji alikuwa amefukiwa hadi kifuani ndani ya kisima. Melkiory akashuka, akamfunga kamba, akapiga kelele avutwe. Yule akatoka mzima. Kabla kamba haijarudishwa chini, kingo za kisima zikaporomoka.

Walimzika Nyakatuntu, kwenye kibanja cha baba yake, shamba la migomba la ukoo, kwa heshima zote za jeshi. Mkewe Mackrine, ameketi na wanawe watatu, alimwona mwanamke mgeni nyuma ya waombolezaji, ameshika mkono wa binti mdogo. Binti yule alikuwa Melkiory mtupu: paji la uso, masikio, hata namna ya kusimama. Mackrine hakuhitaji kuambiwa. Hasira ikampanda, lakini utamgombeza vipi maiti?

Baada ya matanga ukoo ulikaa kumteua msimamizi wa mirathi, maana bila mtu huyo kuthibitishwa na mahakama, mafao ya marehemu yasingetoka. Byarugaba, kaka wa marehemu, alijitaja mwenyewe.

"Mali ya ukoo haishikwi na mwanamke," alisema.

"Shemeji, mafao si kibanja," Mackrine akajibu taratibu. "Ni jasho la Melkiory kwa wanawe. Na anayejua nani kalala na njaa ni mimi ninayepika."

Mzee Adelard, mkwewe, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Apewe yeye," akasema, na maneno yakaishia hapo.

Walipokuwa wakitawanyika, Byarugaba alimsogelea. "Haya, umeshinda. Ila yule binti aliyekuja msibani, yule wa Mabira, usimtaje mahakamani. Ukimtaja unawapunguzia wanao."

Kusema kweli, shauri hilo lilimpendeza. Alizunguka nalo migombani, akikata majani makavu kwa nguvu isiyohitajika. Hatimaye akapanda bodaboda mpaka Mabira.

Alimkuta mwanamke yule, Mukandekezi, akianika kahawa ya watu kwa kibarua. Alipomwona mgeni alipiga magoti.

"Nisamehe, dada. Aliniambia hana mke. Nilipokuja kujua, Benitha alikuwa tumboni."

"Sikukufuata wewe. Nimekuja kumwona mtoto."

Benitha akatoka ndani. "Shikamoo, mama. Umetoka kwa baba? Atakuja lini?"

Kumbe mazishi hakuyaelewa.  Mackrine akampakata.

Mahakamani, hakimu aliuliza marehemu ameacha watoto wangapi. Byarugaba, aliyekuja kutoa ushahidi, akakohoa.

"Wanne, Mheshimiwa," Mackrine alisema. "Watatu nimewazaa mimi. Wa nne yuko Mabira, anaitwa Benitha."

Mafao yalichukua muda, lakini yalitoka, na kila mtoto akapata fungu lake. Byarugaba hakumsemesha shemeji yake msimu mzima wa kahawa. Benitha alianza shule, na kila likizo huja Nyakatuntu na kugombania kitanda na dada zake kama aliyezaliwa humo.

Wanawake wa jumuiya humsifu Mackrine, humwita malaika. Yeye huwakatiza.

"Malaika gani? Mama yake mpaka leo simpendi." Kisha hugeuka na kuita kwa sauti, "Benitha! Leta kisu, ndizi hazijimenyi zenyewe!"