Compte moja, muntu moja

Bandugu, mucheke kwanza, mumalize, njo niseme, juu ile haya yenye nilipata mu groupe ya téléphone ya quartier yetu, Bel-Air, inanifwata ata pa kununua mukate.

Ile groupe ni ya kuambiana kama courant ya umeme imekatika, kama mutoto ya muntu amepotea, na mwenye kuichunga ni Mama Odette, mama mukwe yangu (mukwe kabisa, nikimuona mu njia napita ngambo ingine juu ya heshima). Ule mama haiko wa muchezo! Règlement yake, ni kusema sheria: admin mwenye kunyamaza anatoka, na compte (akaunti) moja ni ya muntu moja. Sasa miye nilikuwa admin wa kulala, lakini ile jina ya admin niliipenda sana, nikaona mambo ni mwepesi: nikafungula compte yangu mu téléphone ya bibi yangu wa ndoa, Nadine, akuwe anajibu bantu pa fasi yangu. Bakanisifu kweli, na miye nikaitika.

Asubui moja tukagombana juu ya kukoroma kwangu. Nadine, na hasira yake, akaandikia mama yake, akasahau iko mu compte yangu, tena mu groupe! Niko ku kazi, naona jina yangu na chini yake:

"Mama, leo nakuya kulala kwako, mu kitanda yako, sawa vile zamani."

Yesu wangu! Papa moja akauliza: "Zamani gani tena?" Nikafuta mbio mbio, kumbe nimefuta mu téléphone yangu tu, bengine banaendelea kusoma na kucheka.

Njo Mama Odette akaandika: "Ile maneno ni ya mutoto yangu Nadine. Mukwe yangu ni muntu ya heshima. Lakini sheria ni sheria: mukwe, unatoka mu ba-admin." Nikapumua. Kisha: "Na miye natoka. Niliyua toka zamani ni Nadine anajibu, nikanyamaza juu ni mutoto yangu."

Akatoka kweli! Hakuna mwenye alicheka tena. Balimulomba arudie, akakatala, na miye nilikuwa pale na téléphone mu mukono, machozi karibu, nasema ule mama ni muntu, ni muntu kabisa.

Leo niko membre tu, naandika na bidole yangu mwenyewe, na compte yangu sitapana tena.

Ile siku ya magombano, mangaribi, Nadine alibeba kitenge yake, akaenda kwa mama yake. Giza haiyaingia, ameisha kurudi na sahani ya sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, amekunja uso.

"Mama anasema nini?"

"Anasema kukoroma haiko mu règlement."