Maziwa Matatu ya Samsam

Kama kulikuwa na jambo moja ambalo Samsam Dualeh hakuweza kulivumilia, ni mtu kunusa maziwa yake kabla ya kununua. Ukiyanusa umemtukana mamake. Alikulia katika maziwa, na mumewe alipofariki akamwachia binti mmoja, Ladan, alibeba madebe akaingia mitaa ya Bondeni, pale Nakuru, kuuza maziwa ya ng'ombe wa kaka yake Gelle. Vibuyu vya kuhifadhia maziwa alivifukiza kwa moshi wa kuni mpaka vikanukia. Wauza maziwa wengine walitia maji, na kila mtu alijua, hata wao wenyewe walijua kwamba kila mtu anajua. Lakini kwa Samsam hapana. Jina hilo la maziwa safi ndilo lililokuwa duka lake kabla hajapata duka.

Mwaka wa hamsini na sita alipata chumba kinachotazama barabara, karibu na soko. Wapita njia hawakumjua, kwa hivyo akataka ubao wa kuning'iniza mlangoni. Hapo ndipo alipojitakia mwenyewe balaa, maana alimwendea Darweshi.

Darweshi alikuwa fundi wa kuandika vibao. Babake alitoka Lamu kufuata reli, yeye akazaliwa papo hapo Bondeni. Mkono wake ulikuwa mzuri, hilo hakuna aliyelibisha. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: hakuweza kuandika neno likatulia likawa neno. Lazima neno lifanye kile linachosema. Fundi wa baiskeli aliomba PANCHA, akapewa herufi zilizobonyea chini kama tairi isiyo na pumzi, na watu wakadhani rangi ilichuruzika. Kinyozi aliandikiwa NYWELE, kila herufi na nywele zake isipokuwa ya mwisho, iliyokuwa na kipara. Kinyozi mwenyewe alikuwa na kipara, wakanuniana karibu mwaka mzima. Kwenye chuo cha Kurani aliombwa aandike KIMYA. Akaliandika dogo kama sisimizi, na watoto wakawa wanapiga kelele wakiulizana pale ukutani pameandikwa nini.

Haya yote Samsam aliyajua. Lakini herufi za Kizungu hakuzijua, yeye alisoma za Kurani tu, na wanunuzi wake wengi hawakujua herufi za aina yoyote. Akajiambia kwamba safari hii ugonjwa wa Darweshi utakuwa dawa.

"Fundi, mimi nataka uniandikie maziwa," alimwambia. "Lakini iandike vizuri, hata mtu hajasoma, akiangalia tu ajue."

"Mama Ladan, hapo umefika."

"Maziwa tu. Usiniletee maneno mingi."

"Neno moja," akasema Darweshi. Na kwa kweli hakusema uongo.

Ubao ulikuja umefunikwa gunia, ukatundikwa Samsam akiwa nyuma anaosha vyombo. Aliposikia kicheko barabarani alitoka mbio, huku mikono inachuruzika maji, na jambo hilo pia halikumsaidia. Watu walikuwa wamejaa. Juu ya vichwa vyao ubao wote ulikuwa bluu. Chini ya herufi ya kwanza viboko walipiga miayo. Katikati ndege wekundu walisimama kwa mguu mmoja, wengi kiasi cha kufunika matope. Herufi zenyewe zilikuwa mawimbi yanayokimbizana.

"Hii ni nini?" Samsam aliuliza.

"Maziwa," Darweshi akajibu, uso unang'aa.

"Hii ni maji!"

"Ni ziwa, Mama Ladan. Nani Nakuru hajui ziwa? Ila ningechora moja watu wangesoma 'ziwa'. Ndiyo maana nimechora matatu. Hili la viboko ni Naivasha, hapa kwenye ndege Elementaita, na pale mwisho ni letu. Sasa ni maziwa."

Kuna ujinga ambao ukiutazama sana unaanza kuonekana kama akili, na hicho ndicho kilichomkera Samsam zaidi. Lugha yenyewe ilikuwa upande wa Darweshi.

"Na ya kunywa je? Hiyo ya ng'ombe?"

"Si neno ni lile lile?"

Ubao ukabaki, maana Darweshi aliondoka zake akiwa ameudhika, na ngazi ilikuwa yake. Aliyejua kusoma alisoma maziwa. Asiyejua aliona maji. Wakisimama wawili, mmoja akisoma na mwingine akitazama, walipata habari kamili: maziwa na maji, tena na mwenyewe ametangaza. Ogola, mpakia mizigo wa stesheni, hakuwa na dogo. "Mama, nipe kikombe moja," alikuwa akisema, "lakini kiboko utoe." Wengine waliuliza kama ya leo ni ya Naivasha ama ni ile chungu ya magadi, ya Nakuru. Samsam alicheka siku ya kwanza. Ya pili alirusha kata ya kuchotea maziwa.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Watu walianza kunusa. Walianza kuinua chupa kwenye jua na kufumba jicho moja. Halafu wengine wakaacha kuja kabisa, na jioni Samsam akawa anatazama debe zima likiganda, akimlaani Darweshi, akimlaani na aliyevumbua herufi.

Hao wote angewavumilia. Asiyevumilika alikuwa Chepkosgei. Huyu alikuwa mke wa fundi wa reli, ametoka Kericho kwenye ng'ombe akaja kukaa landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, pasipo na hata mkia wa ng'ombe. Alikuwa akinunua kwa Samsam tangu enzi za kuzungusha madebe. Alijua maziwa, na wanawake wote wa landi walinunua pale aliponunua yeye. Akihama yeye, wote wamehama. Alikuja asubuhi moja, chupa iko kwapani, na hakuitoa.

"Mama Ladan, nikuulize kitu, usikasirike."

"Uliza."

"Hii maji, ulianza kuweka lini?"

Samsam alichovya kijiti ndani ya debe, akaangusha tone moja juu ya ukucha wa kidole gumba, akamsogezea machoni.

"Angalia. Imesimama ama imekimbia?"

Tone lilisimama, duara, nene, halikutetereka. Maziwa yenye maji hukimbia, na hilo Chepkosgei alilijua tangu utotoni.

"Imesimama," alikubali. Akainua macho kwenye ubao, akayarudisha kwa huzuni. "Lakini Mama Ladan, sasa mbona wewe mwenyewe umeandika?"

Akaenda zake na chupa tupu.

Samsam hakufunga hata mlango. Alimkuta Darweshi barazani kwake na makopo yake, akamsimamia mbele ya jirani zake wote.

"Nataka maziwa! Nyeupe! Nzito! Sitaki ziwa, sitaki ndege, sitaki kiboko! Sitaki tone moja ya maji! Hata ndani ya rangi usiweke kitu ya kulainisha, umesikia?"

Darweshi alisikia, na balaa la Darweshi ni kwamba alisikia kila neno. Alikuja na ngazi akaushusha ubao, akaupaka mweupe. Ulipokauka akachukua rangi nyeupe nzito, haijatiwa chochote, akaandika juu yake kwa kuirundika kama uji. Aliuleta mwenyewe, akautundika, akashuka, akarudi nyuma kuutazama.

"Iko wapi?" Samsam aliuliza.

"Ndiyo hiyo."

"Mimi sioni kitu."

"Ukimimina maziwa ndani ya maziwa, huwa unayaona?"

Samsam aliketi juu ya debe. Alitaka kulia, alitaka kumpiga, na hakuwa na nguvu ya lolote. Ubao ukakaa. Siku nzima watu walisimama wakauliza pameandikwa nini, naye akawajibu "Maziwa!" mpaka sauti ikamkauka, sawasawa na zamani alipokuwa akizunguka na madebe mitaani.

Chepkosgei alikuja jioni, anapita tu, akasimama. Alikaza macho. Hakuona neno, akapanda juu ya debe mlangoni, akaweka kidole. Kidole kilikuta herufi, kikaifuata ilivyopanda na kushuka, kikahamia nyingine, mpaka mwisho wa ubao, kikarudi.

"Nyeupe tu," alisema.

"Nyeupe tu."

"Na nzito."

Chepkosgei aliteremka, akajifuta kidole kwenye leso, akatoa chupa.

"Mimi nilijua tu," alisema.

Samsam alimtazama. Tone lilisimama juu ya ukucha, mbele ya macho yake, na hakuamini. Miaka yote ya maziwa safi, hakuamini. Kipande cha ubao cha yule mwendawazimu, ameamini. Furaha ilimpanda Samsam, na hasira ikaipanda furaha mgongoni.

"Hukujua," alisema. "Leta chupa."