Meza ya Mama na Homa ya Asani

Harufu ya simenti mbichi ndiyo iliyokuwa harufu ya uani kwetu Kisangani, ikichanganyika na ile ya mawese aliyopaka papa, baba yetu, ndani ya kalibu za mbao ili zege lisinate. Papa alikuwa mwashi. Vita vilipokuja hakuna aliyejenga tena, naye akaanza kutengeneza meza za jikoni za zege hapo nyumbani. Alivunja sahani kuukuu, akapanga vipande ndani ya kalibu, maua yakitazama chini, kisha akamwaga zege juu. Likishika, aliligeuza na kulisugua kwa jiwe mpaka likateleza kama sabuni. Wake za wafanyabiashara waligombea meza hizo, lakini mama yangu alipikia chini, akichutama. Mganga hajigangi.

Asubuhi moja papa alimwaga zege la meza ya mama, hatimaye. Mama alichagua vipande mwenyewe, kimoja kimoja, huku mdogo wangu Asani amelala mgongoni mwake, mwili umeanza kuchemka. Jua lilipopanda, mabomu yakaanza. Majeshi mawili ya kigeni yalikuwa yakipigana katikati ya mji ambao haukuwa wao. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Tulilala kifudifudi kwenye korido. Papa peke yake alitambaa nje kila mara kulowesha magunia aliyofunikia zege.

“Papa Asani, ingia!” mama alipiga kelele. “Simenti iko na maana kupita watoto?”

“Ikikauka mbio, itapasuka,” papa alijibu. Nadhani ilikuwa kazi pekee iliyobaki ambayo mikono yake iliiweza.

Kisha mabomba yakakauka. Tukabaki na pipa moja, likiwa nusu. Homa ya Asani ilizidi. Mama alimkanda kwa kitambaa, akampa maji kwa kijiko. Papa aliposhika ndoo tena, mama hakupiga kelele safari hii.

“Maji ile ni ya mutoto,” alisema.

Papa akaiweka ndoo chini. Alimfunga Asani kifuani kwa kitenge, akatoka kwenda hospitali. Hakuvuka hata kona ya mtaa. Risasi zilimrudisha, akajaribu njia ya nyuma, nayo ikamrudisha. Aliingia, akamkabidhi mama mtoto. Mimi nilikuwa nimeshika miguu ya Asani. Niliisikia ikipoa, nikafurahi, nikasema, “Maman, homa inashuka.”

Tulimzika uani, bunduki zikiwa bado zinalia. Zege lilikuwa limepasuka katikati. Papa hakulitoa kwenye kalibu, wala hakutengeneza meza nyingine maishani mwake. Mama aliendelea kupikia chini.

Leo mji ni mwingine. Pikipiki za abiria zimejaa kila njia panda, na wasichana wa siku hizi huagiza meza za vigae madukani. Mwezi uliopita mwanangu alishikwa na homa mchana. Nilisimamisha pikipiki, tukafika hospitali kabla hata sijamaliza kumfuta jasho. Hakuna aliyetuzuia. Nesi alimchoma sindano, akanigeukia akishangaa.

“Maman, unalia nini? Mutoto iko muzuri.”

Nilijifuta machozi. Nikaonyesha tu mlango tulioingilia, na barabara iliyokuwa wazi nyuma yake.