Zamu ya Kompyuta kwa Herufi za Majina

Sisi tuliosoma Rungwe kabla ya simu za kupangusa, kompyuta tulikutana nayo tukiwa tumenawa miguu. Shule yetu, njia ya kwenda Mpuguso, ilikuwa nayo moja, ya chogo, imefunikwa kitenge cha mke wa mwalimu mkuu. Ilikaa ofisini, jirani na magunia ya mahindi ya uji. Mlangoni palikuwa na ndoo ya maji, kwa sababu mwalimu wa kilimo, aliyeongezewa na somo la kompyuta, aliamini tope likiingia ndani mashine itaugua.

Zamu zilikuwa Ijumaa, wanafunzi watatu, dakika tano kila mmoja, kwa kufuata herufi za majina. Kwingine utaratibu huo ungekuwa wa haki. Kwetu Wanyakyusa nusu ya darasa inaanza na A: Ambele, Ambilikile, Andongwisye, Anyisile, Asajile, na wengine ambao hata mwalimu aliwachanganya. Mvua ikinyesha umeme ulikatika, na Tukuyu mvua haiombi ruhusa. Muhula wa kwanza wa darasa la saba uliisha tukiwa bado kwenye A. Mimi naitwa Tusajigwe.

Tuliobaki tulijifunzia kwenye vipande vya boksi vilivyochorwa herufi. Changu nilikibonyeza mpaka herufi zikafutika. Niliitaka kompyuta ile kuliko nilivyotaka viatu, na mwaka ukiisha ningeondoka shuleni bila kuigusa.

Nikamwomba baba anibadilishie jina, liwe lolote la A. Baba, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alisema jina alilitoa bibi, niende Masukulu nikamwambie mwenyewe. Nikaenda. Bibi alinipakulia mbalaga, ndizi zake za maharage, akanisikiliza mpaka mwisho wala hakucheka.

“Majina hayo unayoyataka niliyatoa, mwanangu,” akasema. “Kabla yako alikuwepo Ambakisye, akaja Atupele. Hawakukaa. Wewe ulipokaa, nikakuita Tusajigwe, tumebarikiwa.”

Hakuna aliyewahi kuniambia. Niliona aibu, nikaona na huzuni ya ndugu nisiowajua. Nilimaliza ndizi, nikarudi nyumbani kwa miguu, na habari ya kubadili jina ikaishia hapo.

Zamu yangu ilifika wiki ya mwisho kabla ya mtihani. Nilinawa miguu mara mbili. Umeme ulikuwepo. Mwalimu akaniambia niandike jina langu kama wenzangu walivyofanya. Kwa kidole kimoja nikaandika Ambakisye. Nikashuka mstari, nikaandika Atupele. Nilipoipata T, muda ukaisha.

Mwalimu alisoma kioo, akaniangalia. “Tusajigwe, darasa la saba hili, hata jina lako hulijui?”

Nikasema ndiyo, mwalimu. Akaita mwingine.

Siku hizi binti yangu anaingia chumba cha kompyuta shuleni kwao, hapo Tukuyu mjini, na viatu vyake. Nyumbani anaipakata yangu kitandani huku anatafuna karanga, na intaneti ikikwama kidogo analalamika kama mtu aliyedhulumiwa shamba. Juzi alikaa nayo jioni nzima, ukurasa mweupe mbele yake. Nikamuuliza kulikoni.

“Mama, sina cha kuandika.”

Ana muda wote huu, mtoto yule. Mimi nilipewa dakika tano, na watu watatu wa kuandika.