Nilikunywa Wimbi wa Opio

Mhariri na wasomaji, kwanza mnisamehe mwandiko wangu na makosa ya herufi. Niliishia darasa la saba, na Kiswahili nimekiokota mpakani Malaba kwenye kazi ya kubeba magunia. Naandika polepole. Barua hii nimeianza Jumatatu na leo ni Alhamisi, na nimeshachana karatasi nne.

Mimi ni mtu wa aibu. Mbele ya watu watatu tu, ulimi wangu unalala. Kwa hiyo siwezi kusimama kanisani niseme haya. Nakuambia wewe, kwa sababu hunioni uso.

Nimekosa! Nilichukua chakula cha mtoto aliyekufa kwa njaa, nikakifanya pombe, nikakinywa nikicheka. Mpaka leo nikimeza mate nasikia ile ladha. Nauchukia mdomo wangu.

Naishi Molo, upande wa Tororo, na nyanya yangu, mama ya baba. Baba alifariki, mama akaolewa kwingine, Nyanya akanilea. Jina lake ni Adongo. Kwetu Adongo ni jina la msichana pacha aliyezaliwa wa pili. Mtu yeyote wa huku akisikia Adongo anajua alitanguliwa na mwingine. Akiwa mvulana ni Opio, akiwa msichana ni Apio.

Nimelala nyumba moja na Adongo miaka ishirini. Sikuuliza hata siku moja pacha wake yuko wapi.

Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na ghala dogo la fito, limekandikwa kwa mavi ya ng'ombe, limekaa juu ya mawe. Ndani yake wimbi, nafaka ambayo wengine mnaiita ulezi. Kila mavuno Nyanya alitoa wimbi wa zamani tukaula, akamwaga ule mpya. Kapu la kwanza la shamba lilikwenda humo kabla hatujaonja chochote. Halafu aliziba mdomo wa ghala kwa mavi ya ng'ombe mabichi, akagandamiza kiganja chake pale katikati. Alama ya mkono ilikauka hapo. Hakuna aliyegusa mpaka mavuno mengine.

Mimi niliona ni ushamba, amri ya zamani ya wazungu ya kuweka ghala la njaa.

"Nyanya, wazungu walishaenda," nilimwambia siku moja. "Hakuna chifu atakayekuja kukagua."

"Najua walienda," alijibu. "Nani amekwambia njaa ilipanda nao ndege?"

Nikacheka. Ona ujinga!

Sasa sikia nilivyoanguka. Jumapili baada ya kanisa, sisi vijana wa magunia tunakaa kuzunguka chungu cha malwa, ile pombe ya wimbi, kila mtu na mrija wake mrefu. Leo chungu ni cha huyu, Jumapili ijayo ni cha yule. Mimi nilikunywa vya wengine tu. Sikuwa na wimbi, na pia niliogopa kualika watu.

Katika kundi letu kuna Wafula, anatoka Busia ya Kenya, mdomo wake haufungwi.

"Buda, huyu bubu anavuta mrija kama pampu ya maji," alisema. "Na chungu chake hatujawahi kukiona! Ama kwenu mnakula mawe?"

Wote wakacheka. Nilitazama miguu yangu. Lakini moyoni niliapa kwamba lazima na mimi wakae kwangu.

Wiki hiyo shangazi yangu wa Sop Sop akaugua, Nyanya akaenda kumuuguza. Alikaa huko karibu mwezi. Siku ya pili tu nilivunja mdomo wa ghala. Nilichota mpaka chini. Nilifagia kwa mkono, nikachukua hata punje za kwenye nyufa!

Niliupeleka wimbi kwa jirani yetu, Mama Awori. Yeye ni mjane mwenye watoto wanne, na kazi yake ni kupika malwa.

"Hii wimbi yote umetoa wapi?" akaniuliza.

"Nyanya amenituma. Anataka kusherehekea shangazi amepona."

Uongo ulitoka laini kabisa. Mimi ambaye siwezi kusalimia watu barabarani bila kukwama!

Kisha nikachukua mavi ya ng'ombe, nikaziba ghala tupu. Nikakumbuka kile kiganja. Nikaweka changu.

Pombe ilipoiva, Jumapili walikuja kumi na wawili. Wafula alipiga makofi: "Leo bubu amefungua kanisa!" Waliniita mkubwa, wakanipa kiti. Kwa mara ya kwanza nilizungumza mbele ya watu, nikatoa na mzaha, wakacheka mzaha wangu. Nilikunywa mpaka nikaenda kutapika nyuma ya nyumba, miguuni pa ghala lenyewe. Kuku wakaja wakala yale matapishi. Na mimi nikawatazama, nikaona inachekesha.

Shangazi alipona, Nyanya akarudi. Macho yake yamefifia, hakuona kitu. Nami nilijiambia mavuno yakija, nitamwaga wimbi mwingine usiku, mambo yaishe.

Mavuno hayakuja. Mvua zilianza vizuri, tukapanda, kisha zikakata. Wimbi ulifika magotini ukakauka. Muhogo ulikuwa vidole vitupu. Huku Molo watu wakaanza kupika mara moja kwa siku, na wengine wakavuka kwenda Busia kuomba vibarua.

Nyanya peke yake hakuwa na wasiwasi. Jambo hilo ndilo lililoniua! Alizunguka kwa majirani akisema, "Msiogope, Adongo ana ghala." Akamwambia Mama Awori, "Jumamosi leta beseni, watoto wako watakula."

Ungekuwa wewe ungesema ukweli hapo. Mimi nilinyamaza. Nilikwenda Malaba, nikabeba magunia ya watu yaliyojaa mahindi, nikarudi, nikanyamaza.

Jumamosi asubuhi Mama Awori akaja na beseni na mtoto wake mdogo. Nyanya akatangulia nyuma ya nyumba. Alifika kwenye ghala akaweka kiganja juu ya ile alama, kama alivyofanya kila mwaka kabla ya kuvunja.

Mkono wake ni mdogo. Ulizama ndani ya wangu kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha mtu mzima.

Hakuvunja. Alisimama tu, kiganja pale pale. Akaniita, "Njoo hapa. Weka wako."

Nikaweka. Ukaenea sawasawa.

Mama Awori akaangusha beseni. "Wewe! Ile wimbi uliniletea! Si ulisema nyanya amekutuma?"

Nyanya aliuvunja mdomo wa ghala, akaingiza mkono mpaka begani, akapapasa. Tulisikia kucha zake zikikwaruza chini. Akautoa mkono, akauliza kwa sauti ndogo, "Nani amekula cha Opio?"

Nami, msomaji, nikajibu neno ambalo nikilikumbuka natamani kujitemea mate. Nikauliza, "Opio ni nani?"

Akakaa chini kwenye vumbi. Hapo ndipo nikaambiwa, nikiwa na miaka ishirini.

"Tulikuwa wadogo, mimi na Opio," alisema. "Mwingereza alitaka pamba. Mvua ya kwanza ilikuwa ya pamba. Askari wa chifu walipita shamba kwa shamba, na ukikutwa umepanda wimbi kabla ya pamba, unalazwa chini, unachapwa kiboko mbele ya watoto wako. Baba alichapwa. Akapanda pamba. Wimbi tukaupanda kwa kuchelewa, jua likauchoma. Ule wa zamani ulikwishachukuliwa, walisema ni wa askari walioko vitani. Vita vya nani? Mimi mpaka leo sijui."

Mama Awori akauliza, "Hamkuwa na chochote, mama?"

"Tulikuwa na pamba! Nyumba imejaa mpaka darini. Inapendeza, nyeupe. Unaweza kutafuna pamba? Mama yangu alikwenda kwa chifu na bakuli. Ghala la chifu lilikuwa limejaa, tulilinusa kutoka barabarani. Akaambiwa chakula ni cha serikali. Akarudi na bakuli lake. Tukamkuta Opio kwenye rundo la pamba, anatafuna mbegu. Tumbo likamvimba. Alikufa asubuhi, na nyuzi za pamba zimemganda kwenye meno. Mama alizitoa moja moja kabla ya kumzika."

Mtoto wa Mama Awori alikuwa anachezea beseni. Hakuna aliyemnyamazisha.

"Halafu unajua walifanya nini?" Nyanya akaendelea. "Njaa ilipokwisha, wakatoa amri kila nyumba ijenge ghala la njaa. Chifu yule yule akaja na kiboko kile kile kukagua nani ni mvivu! Wakasema tulikufa kwa uvivu wetu. Mama akajenga. Lakini hakuwajengea wao. Alisema hili ni sahani ya Opio, isikae tupu tena. Alipokufa akaniachia mimi. Sisi wengine tunakula mabaki yake."

Mama Awori alimbeba mtoto, akaondoka na beseni tupu.

Shuleni nilikariri jina la mzungu aliyeona chanzo cha mto Nile. Nilichapwa kwa kulisahau! Njaa ile haikuwa kwenye kitabu hata mstari mmoja. Lakini nisimsingizie mwalimu. Kitabu changu kilikuwa ndani ya nyumba, kinanichemshia uji.

Nilimweleza Wafula, nikidhani atanifariji. Alitema mate pembeni. "Kumbe ulitunywesha marehemu? Mtoto? Toka hapa!" Wenzangu sasa wakinywa hawaniiti. Sioni kosa lao.

Lakini hilo si kitu. Kilichoniumiza ni kwamba Nyanya aliacha kula kutoka mkononi mwangu. Nilinunua unga wa posho, yaani wa mahindi, huko Malaba nikamletea. Aliupokea kwa mikono miwili, akasema asante, akaupeleka wote kwa watoto wa Mama Awori bila kuonja. Alikula muhogo mkavu tu aliotumiwa na shangazi kutoka Sop Sop, akapika mwenyewe kwenye moto wake. Alikonda mpaka gauni likawa linamzunguka. Nikipika, anasema, "Kula wewe, mimi nimeshiba." Hajanitukana hata mara moja. Afadhali angenitukana!

Mwezi uliopita nilipiga magoti. Nikamwomba anipe adhabu yoyote.

Akafikiri sana. Akasema, "Wewe ulisoma, mimi sikusoma. Wale watu walipima pamba yote, kila gunia wakaliandika. Opio hakuandikwa popote. Niandikie mtoto huyo mahali ambapo watu watasoma."

Ndiyo maana unaona barua hii. Jana nilimsomea kwa lugha yetu. Kwenye jina akanisimamisha. "Soma tena hapo." Nikasoma. "Tena." Nikasoma. Halafu akasema nimesahau kuandika kwamba Opio alikuwa anapiga mluzi, na kwamba yeye mwenyewe ameshindwa kujifunza kuupiga mpaka leo. Basi naandika: Opio alikuwa anapiga mluzi.

Baada ya hapo akaingia ndani, akala muhogo wake. Sahani niliyomwekea ilibaki ilivyo.

Mvua zimerudi. Tumepanda wimbi, na nimejenga ghala jipya. Tukivuna, kapu la kwanza atamwaga yeye, na mdomo ataziba yeye. Mimi mkono wangu utakaa mfukoni.

Ninyi vijana wenzangu wa Busia, wa Osukuru, wa popote mpakani, sikieni! Ukimwona mzee wako anaficha chakula, anaokota punje chini, anakatalia kachungu fulani kama mwendawazimu, usimcheke. Usifungue alichofunga. Muulize kwanza ni cha nani. Muulize leo, kabla hujakila. Mimi nilikula kwanza, nikauliza baadaye.

Na ninawaomba jambo moja. Kama nyumbani kwenu kuna mtoto aliyekufa kwa njaa ile, upande huu au ule wa mpaka, muulize bibi yako au babu yako jina lake, mniandikie kupitia kwa mhariri. Jina tu linatosha. Nasoma polepole, lakini nitamsomea Nyanya yote. Anataka kujua kama Opio alikwenda peke yake.