Mfuniko wa Mlinzi

"Shangazi, tumbo likiwa tupu linakuambia nini?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa na miaka saba, nimechuchumaa kando yake juu ya ukuta wa bwawa. Alikuwa akipasua samaki kwa kisu kidogo na kuandika kila alichokikuta tumboni: wadudu, majani, mayai. Alisema tu, "Sogea huko, utachafua sketi mama yako anitoe roho."

Kazi ya shangazi yangu ni kupima mabwawa. Wale wanaovua kwa ndoana kujiburudisha wakitaka bwawa litiwe samaki wakubwa, wawindaji wanaokula wenzao, yeye hutangulia na nyavu, mizani na sahani ya bati iliyopakwa rangi nyeusi na nyeupe. Huizamisha kwa kamba yenye mafundo. Ikipotea machoni, anahesabu mafundo. Siku ile ilipotea fundo la pili tu, maji yalikuwa ya kijani hasa. Nyavu nazo, alizotega karibu na ukuta, zilitoka nzito kwa samaki wadogo. Chakula kipo tele, kwa hiyo wawindaji wangeweza kuletwa.

Ndipo akaja mlinzi wa bwawa, ameshika mfuniko wa sufuria.

"Dada, umenivulia wanafunzi wangu!" Akaugonga mfuniko kwa kijiko, ngwa ngwa ngwa, akamwaga makombo ya chakula chake cha mchana. Maji yakachemka samaki. Mimi nikapiga makofi. "Mwaka wa tano huu nawalisha," akasema. "Wote wamehamia kwangu. Kule ng'ambo utavua maji matupu."

Kalamu ya shangazi ilisimama hewani. Akampigia simu bosi wake.

"Naomba siku mbili zaidi, bosi. Nitege na ng'ambo."

Simu yake ilikuwa na sauti kubwa, nikasikia yote. "Vifaranga wa wawindaji wako kwenye matangi, wameanza kutafunana! Nyavu zimejaa, hazikujaa?"

"Zimejaa, lakini…"

"Basi jaza fomu."

Akajaza. Akaandika "linafaa", akatia sahihi. Kisha akaninawisha mikono kwa sabuni, na mimi sikuwa nimeshika kitu.

Wawindaji wakatiwa bwawani, na baada ya hapo kila likizo nilimng'ang'ania anichukue kazini. Mwaka wa kwanza sahani ilipotea fundo la nne. Mwaka uliofuata, la saba. Wageni walipiga picha wakilisifu bwawa, na mimi nikadakia, "Shangazi, maji yamekuwa safi!"

Hakutabasamu. "Wale wadogo ndio waliokuwa wakila vijidudu. Sasa wameliwa wao. Vijidudu vimezaana, vimelamba ukijani wote." Akakunja kamba. "Usafi huu ni wa nyumba iliyohamwa."

Likizo hii tumekwenda tena. Niko kidato cha tatu sasa, kamba naishika mwenyewe. Niliachia mafundo yote mpaka yakaisha. Sahani ilitua juu ya mawe, chini kabisa, ikatutazama kama jicho. Hakukuwa na ndege hata mmoja. Wale weupe waliokuwa wakijipanga ukutani, sijui wamekwenda wapi.

Mlinzi alitoka kibandani na mfuniko uleule, umebonyea. Akagonga. Tukasubiri. Akagonga tena, akamwaga makombo, yakazama polepole huku tukiyaona yakishuka yote. Halafu kutoka kilindini kikaja kivuli kimoja kirefu, bila haraka, kikasimama chini ya miguu yake.

Mlinzi akarudi nyuma hatua moja. "Huyo sikumfundisha mimi," akasema.

Shangazi alitega ukutani na ng'ambo pia. Alipata samaki watatu tu, wote wawindaji, vichwa vikubwa na miili imekonda kama kamba ya kiatu. Wa kwanza alikuwa amemeza kifaranga wa jamii yake mwenyewe. Wa pili, kokoto. Tumbo la wa tatu alilipasua, akalifunua kwa ncha ya kisu; halikuwa na kitu. Mlinzi alikuwa pale pale, mfuniko umening'inia mkononi.

"Uliniuliza, mwanangu," shangazi akasema. Mimi nilikuwa nimeshasahau. "Tumbo tupu linaniambia nini."

Akaufuta ubapa wa kisu kwenye sketi yake mwenyewe.

"Linaniambia huyu kaka alinieleza, nikamsikia vizuri, na bado nikatia sahihi."