Neno Nililolitoa Chumbani mwa Wanawake

Nilipopewa kazi ya ushauri wa jinsia nilikuwa na miaka sitini na minne, na majirani zangu wa mtaa wa Kaloleni, Nairobi, walicheka mpaka wakachoka. Mmoja wao, mzee wa reli tunayeketi naye barazani, aliniuliza kama nitaanza kuvaa leso.

"Sasa wewe ni mzee wa akina mama," akasema. "Chama chao cha kuweka akiba kitakupokea lini?"

Sikumlaumu. Niliishia kidato cha nne, na kwa miaka ishirini na mitano kazi yangu ilikuwa kuendesha gari na kutafsiri kwa shirika la kigeni linalopatanisha watu waliopigana. Miaka sita ya mwisho nilimwendesha mshauri wa jinsia, mwanamke wa ng'ambo, mpole, mkali akikasirika. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba wanaume wanapoketi kupatana, hofu za wanawake nazo zinaandikwa. Kila mahali alitafuta chumba cha pembeni ambamo wanawake wangeketi peke yao. Mimi nilitafsiri nikiwa mlangoni, uso ukutani. Mkataba wake ulipokwisha na pesa za kumleta mwingine zikakosekana, aliwaambia wakubwa wake wanipe mimi nafasi hiyo hadi apatikane mtu. Kabla hajaondoka alinionya jambo moja. Neno likitoka chumba cha wanawake, alisema, lioshe kwanza, lisitoke na harufu ya mwenyewe.

Nililielewa. Nililirudia hata kwa mke wangu. Ndiyo sababu siwezi kusema sikujua.

Mwaka huo kulikuwa na mapigano mpakani, kaskazini kabisa, kati ya watu wa pande mbili waliogombania visima. Mazungumzo ya kule yalikuwa yamekwama. Lakini mbuzi wa pande zote mbili huishia Kiamaiko, soko la mbuzi hapa Nairobi, na wafanyabiashara wao wanachinja wakipakana, ukuta kwa ukuta. Mkuu wa msafara wetu, mwanadiplomasia wa kigeni mwenye subira nyingi, aliona kwamba wafanyabiashara hao wakikubaliana hapa, ndugu zao kule watawasikiliza. Basi tukakodi ukumbi wa Kaloleni kila Jumanne. Wanaume kumi na wawili waliketi kwenye meza ndefu. Wanawake wa soko niliwaweka katika chumba cha nyuma kinamohifadhiwa viti.

Aliyesema kwa ufasaha kuliko wote mle chumbani alikuwa mjane aliyeuza supu ya vichwa vya mbuzi. Mama yake mzazi alitoka upande mmoja wa ule ugomvi, naye aliolewa upande wa pili, kwa hiyo wanawake wa pande zote walikunywa supu kwenye benchi lake. Nyumba aliyoishi na binti yake wa kidato cha tatu ilikuwa ya shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe. Huyo shemeji alikuwa mmoja wa wale kumi na wawili.

Jumanne moja, wiki moja kabla ya kutia sahihi, mjane huyo alibaki nyuma wenzake walipotoka.

"Mzee, wanaume wanaongea vizuri huko?"

"Vizuri sana, mama. Wiki ijayo wanatia sahihi."

Alitabasamu kidogo, macho yake yakiwa sakafuni. "Watoto watano wamelala sebuleni kwangu tangu Jumapili. Watatu wa shemeji, wawili wa binamu yake. Wameletwa na lori la mbuzi kutoka nyumbani. Na shule za kule hazijafungwa."

Nikamuuliza kama amewauliza wenyewe kwa nini.

"Niulize nini? Mimi nimeambiwa nipike." Akajifunga mtandio upya. "Mtu hamtoi mtoto wake shuleni katikati ya muhula kwa sababu ya amani. Wanangojea kitu. Haya nimekupa wewe, mzee. Angalia utakavyoyabeba. Nyumba si yangu, na wakitaka kunirudisha mpakani na binti yangu, ni neno moja tu."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Nakumbuka nilimwambia hivyo nikiwa nimesimama wima kama mtu wa kutegemewa.

Dakika chache baadaye niliingia ukumbini. Ilikuwa desturi ya mkuu wa msafara, mkutano ukikaribia kwisha, kunigeukia na kuuliza, "Na wanawake wanasemaje?" Hapo ndipo wale wanaume walipotoa simu zao mifukoni. Mmoja alikuwa na tabia ya kupiga miayo kwa sauti nikisimama. Niliyavumilia hayo miezi mitatu. Siku hiyo nilikuwa na jambo zito mkononi, na nilitaka, walau mara moja, wanitazame.

Ningeweza kusema kwamba wanawake wana hofu kuna familia zinazohamishwa. Ingetosha. Ningeweza kumnong'oneza mkuu baadaye, tukiwa garini. Badala yake nilisema, "Mama mmoja wa soko amelaza watoto watano sebuleni kwake. Wameletwa na lori la mbuzi, na shule za kwao hazijafungwa. Anauliza mnangojea nini."

Wakanitazama. Wale wa upande wa pili walianza kusemezana kwa lugha yao, na mzee wao mmoja akasimama. Yule shemeji hakusimama. Aliweka kikombe chake mezani polepole.

"Mzee wangu," akasema, "nani amekuambia hayo?"

"Siwezi kutaja jina. Hiyo ni kanuni ya kazi yangu."

"Hakuna haja ya jina," akasema, na akatoka nje na simu sikioni.

Mkuu wa msafara aliniangalia kwa macho ya mtu aliyeletewa zawadi. Mimi niliyarudia kichwani niliyoyasema. Watoto watano, lori la mbuzi, sebule. Sikutaja jina, lakini nilikuwa nimewapeleka mpaka mlangoni kwake.

Nilichukua bodaboda nje ya ukumbi. "Sasa mzee, unakimbia deni?" yule dereva akauliza, nami nikashindwa hata kucheka. Njiani ndipo liliponijia lile ambalo ningejibu. Ningesema nimeambiwa na dereva wa lori. Nusu ya madereva wa Kiamaiko wananijua tangu tukiwa vijana, hakuna ambaye angetilia shaka. Shemeji aliponiuliza, alinipa nafasi ya kudanganya, nami nikampa kanuni.

Nilimkuta kwenye jiko lake, sufuria inachemka, benchi halina mtu. Wanawake wawili waliokuwa wateja wake walikuwa wamehamisha vikombe vyao ng'ambo ya mtaro.

"Nimepigiwa simu," akasema. "Ulitaja jina langu?"

"Sikulitaja."

"Ulisema nini, basi?"

Nikamrudia neno kwa neno. Alinisikiliza huku akikoroga.

"Na sebule ukasema?"

"Nilisema."

"Basi ulilitaja." Akafunika sufuria. "Wanaume wa ukoo wanakaa Jumamosi kwangu baada ya swala ya alasiri. Wanasema Nairobi imenifungua mdomo, nirudi nikakae na mama mkwe. Mimi na binti yangu. Kule ambako wao wenyewe wanatoa watoto wao."

Nilimwambia nitakuja nimwombee. Mteja alikuwa amefika, akamhudumia.

Nyumbani nilimweleza mke wangu, ambaye kwa kawaida hunitetea hata nisipostahili. Alikuwa anachambua maharagwe. "Ulitaka wakuone," akasema. "Si ndiyo? Basi wamekuona." Akarudi kwenye maharagwe yake.

Jumamosi nilivaa koti na kwenda. Shemeji alinipokea kwa heshima, akanikalisha karibu na mjomba wao mkubwa, mzee mwenye ndevu zilizotiwa hina. Tulikuwa wanaume saba sebuleni. Wale watoto walikuwa wametolewa nje, ila mdogo mmoja wa kike aliyelala mkekani akichora kwenye daftari la shule. Mjane mwenyewe alikuwa jikoni, nyuma ya pazia. Nilisikia vikombe.

Miaka sita nilikuwa nimemsikia yule mama wa ng'ambo akiwaambia majenerali na mawaziri, "Msimjadili mwanamke ambaye hayumo chumbani. Mwiteni." Niliyatafsiri maneno hayo mara nyingi kiasi kwamba ningeyasema usingizini. Siku ile nilitazama lile pazia, nikatazama ndevu za yule mzee, na nikaona aibu kuwaomba wamwite. Niliogopa wangesema namharibia nyumba zaidi. Nikasimama nikamsemea.

Nilisema kosa ni langu. Hilo lilikuwa kweli, na kama ningeishia hapo ningekuwa mtu. Lakini walibaki wakinitazama, na macho yao yakanifanya niendelee. Nikasema yeye ni mama tu. Nikasema hakujua uzito wa alichokisema, hana habari za siasa, aliona watoto wengi akaingiwa na woga wa kike. Nikasema wamsamehe kama wanavyomsamehe mtu asiyeelewa.

Mzee mwenye hina alikuwa anatikisa kichwa kunikubalia. Nilianza kudhani nimefaulu.

Pazia likafunguka. Alisimama pale na sinia tupu mkononi.

"Nimekusikia, mzee," akaniambia. "Kaa."

Nikakaa.

"Shemeji, mmesema nirudi nyumbani. Sawa. Malori yanarudi Jumatatu bila mbuzi, nafasi ipo. Nitakwenda."

"Vizuri," akasema mzee mwenye hina.

"Lakini hawa watoto mliniletea mimi. Siwezi kuwaacha Nairobi hawana wa kuwapikia. Nitarudi nao wote watano. Shule zao ziko wazi."

Mwanamume mmoja karibu na mlango alikohoa. Shemeji alimwangalia yule mtoto mkekani, kisha akaiangalia mikono yake.

"Watoto watabaki," mzee akasema.

"Kwa nini wabaki?"

"Mama, watoto watabaki."

"Nimekubali kwenda, mjomba, sijakataa. Nauliza tu. Kama kule kuna amani ya kunitosha mimi na binti yangu, inawatosha na wao. Kama haiwatoshi, niambieni kwa nini inanitosha mimi."

Mtoto aliinua kichwa akauliza kama wanarudi nyumbani, na baba yake akamwambia achore.

"Lete chai," mzee akasema mwishowe.

"Chai iko tayari. Nitaileta nikijibiwa."

Nilikuwa nimeketi kwenye vikao vya amani katika miji minne, na sijawahi kuona wanaume wakibanwa vile. Shemeji ndiye aliyemjibu. Alisema, uso bado chini, kwamba vijana wa nyumbani walikuwa wamewatumia ujumbe watoe watoto kabla mwezi haujaisha. Wangekichukua kisima kikubwa mara tu baada ya sahihi, wakati upande wa pili umelegea. Yeye hakukubaliana nao. Lakini hakuwakataza.

"Hakuna anayekwenda," akasema. "Si wewe, si watoto."

Mjane akaleta chai. Kikombe changu alikiweka mbele yangu bila kunitazama. Wakati wa kuaga nilimfuata mlangoni, nikamuuliza kama atakuja Jumanne kwenye chumba cha wanawake.

"Kile chumba cha viti?" akauliza. "Hapana, mzee. Nikiwa na la kusema nitalisemea walipo. Wewe umenisemea mara mbili sasa, na mara zote mbili nimekaribia kupanda lori."

Jumanne alikuja. Alipita mlango wa kile chumba bila kugeuka, akaingia ukumbini, akasimama kwenye meza ndefu. Viti vyote kumi na vinne vilikuwa na watu, pamoja na changu pembeni mwa mkuu wa msafara. Nikainuka nikampa changu. Akarudia lile swali lake la watoto, shemeji akaeleza habari ya kisima mbele ya wote, na kelele zilikuwa nyingi, na kutia sahihi kukaahirishwa. Mjane aliulizwa maswali akajibu mwenyewe. Mimi nilisimama ukutani mpaka mwisho, na hakuna aliyekumbuka kuniuliza wanawake wanasemaje. Wiki hiyo niliandika barua ya kuacha kazi. Mkuu alinishangaa, kwa maana katika taarifa yake alikuwa amenisifu kwa onyo la mapema.

Sitaki mtu adhani mambo yaliishia vizuri kwa sababu alishinda siku ile. Muhula ulipokwisha, shemeji alimwomba, kwa upole, atafute nyumba nyingine. Benchi lake lilikuwa kwenye kibaraza cha mtu wa ukoo, na hilo pia likaondoka. Wateja wa upande wa mumewe hawakurudi. Alihamia mtaa wa Ziwani, chumba kimoja na binti yake, na sasa anachemsha supu ile ile kando ya barabara ambapo hakuna mtu wa mpakani wa kumjua.

Nilipita pale mwezi uliopita. Nilikuwa nimepanga la kusema tangu nyumbani, msamaha mrefu wenye sababu zote, lakini nilipomfikia niliona kwamba ningekuwa nampa kazi nyingine, ya kunifariji. Nikamwamkia tu. Aliitikia kwa adabu, kama anavyomwitikia mzee yeyote anayepita, kisha akamuuliza mteja aliyekuwa nyuma yangu kama anataka na pilipili.